Sehemu kama Mahali: Ufundishaji wa Sehemu katika Mstari wa Namba kwa Wanafunzi Wachanga wa Shule za Msingi Tanzania

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kuwafundisha wanafunzi wachanga kuziweka sehemu katika mstari wa namba, kwa kurejelea shule za msingi za Tanzania zinazofundisha kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba mwanafunzi aliyezoea kuiona sehemu kuwa kipande cha kitu kilichokatwa hujifunza kuhesabu vipande, lakini haoni kwamba sehemu ni namba moja, yenye ukubwa wake na mahali pake miongoni mwa namba nyingine. Makala inachambua njia tatu za kuitaja sehemu kwa Kiswahili na kuonesha kwamba muundo wa “robo tatu” ndio unaooana zaidi na mstari wa namba, kwa kuwa huhesabu hatua zilizo sawa kuanzia sifuri. Aidha, inabainisha makosa manne yanayojitokeza wanafunzi wanapoziweka sehemu katika mstari na kupendekeza mfuatano wa hatua tano za ufundishaji unaotumia vifaa vinavyopatikana katika darasa la kawaida.

Istilahi za msingi: sehemu, nzima, kiasi, asili, mstari wa namba, hatua, nafasi

1.0 Utangulizi

Ufundishaji wa sehemu katika shule za msingi kwa kawaida huanza na kitu kinacholiwa. Mwalimu huchora chapati ubaoni, huigawa katika vipande vinne vilivyo sawa, hutia kivuli vipande vitatu, kisha huwauliza wanafunzi ni sehemu gani iliyotiwa kivuli. Wanafunzi huhesabu vipande vyenye kivuli na kuandika 3, huhesabu vipande vyote na kuandika 4, na jibu la 3/4 hupatikana. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, kazi aliyoifanya mwanafunzi ni kuhesabu mara mbili na kuandika namba nzima mbili, moja juu ya nyingine. Hakuna chochote katika kazi hiyo kilichomhitaji ajue kwamba 3/4 ni namba moja, kwamba ni kubwa kuliko nusu, au kwamba iko karibu zaidi na 1 kuliko na 0.

Athari za pengo hilo huonekana baadaye. Katika tathmini ya kitaifa ya hisabati iliyofanyika nchini Marekani mwaka wa masomo 1977/78, wanafunzi wa umri wa miaka 13 walitakiwa kukadiria jumla ya 12/13 na 7/8, bila kuikokotoa, kwa kuchagua jibu moja kati ya 1, 2, 19 na 21. Kila moja ya sehemu hizo inakaribia 1, hivyo jumla yake inakaribia 2. Ni asilimia 24 tu ya wanafunzi waliochagua 2. Asilimia 28 walichagua 19, ambayo ni jumla ya namba za juu, na asilimia 27 walichagua 21, ambayo ni jumla ya namba za chini. Zaidi ya nusu ya wanafunzi hao hawakuona sehemu mbili mbele yao. Waliona namba nzima nne.

Suala hili halikomei kwenye mada ya sehemu. Siegler na wenzake (2012), kwa kutumia data za muda mrefu kutoka Uingereza na Marekani, walionesha kwamba ujuzi wa sehemu na wa kugawanya alionao mtoto wa takribani miaka 10 hubashiri ufaulu wake katika aljebra na katika hisabati kwa jumla anapofika sekondari, hata baada ya kuzingatia uwezo wake wa kiakili, ujuzi wake mwingine wa hisabati, na kipato na elimu ya familia yake. Kwa mwanafunzi wa Tanzania suala hili lina uzito wa ziada. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967, ilhali sekondari hutumia Kiingereza. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza bila kuielewa sehemu kama namba hulazimika kuijenga dhana hiyo upya na wakati huohuo kujifunza lugha ya kuielezea. Kwa hiyo, mahali panapofaa kuijenga dhana hiyo ni katika madarasa ambamo mtoto bado anafikiri na kuuliza kwa lugha anayoimudu.

Makala hii ina malengo matatu: kufafanua dhana ya sehemu inayojengwa na mstari wa namba, kuchambua namna lugha ya Kiswahili inavyoisaidia au kuizuia dhana hiyo, na kupendekeza mfuatano wa ufundishaji unaotokana na uchambuzi huo.

2.0 Sehemu kama Kipande na Sehemu kama Kipimo

Kieren (1976) alibainisha kwamba sehemu haina maana moja tu, na uchambuzi wake uliendelezwa na Behr na wenzake (1983). Katika mapokeo hayo, 3/4 inaweza kuwa vipande vitatu kati ya vinne vya kitu kizima. Inaweza kuwa uwiano wa vitu vitatu kwa vinne. Inaweza kuwa matokeo ya kugawa 3 kwa 4. Inaweza kuwa kitendo kinachofanywa juu ya wingi fulani, mathalani robo tatu ya wanafunzi 40. Na inaweza kuwa kipimo, yaani umbali au wingi unaopatikana kwa kurudia kipimo kidogo mara kadhaa. Maana ya kwanza ndiyo inayotawala katika ufundishaji wa awali. Maana ya tano ndiyo inayobebwa na mstari wa namba.

Maana hiyo ya kipimo inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Chukua mstari ulionyooka, weka alama ya 0 na alama ya 1. Umbali kati ya alama hizo mbili ndio nzima. Gawa umbali huo katika nafasi nne zilizo sawa. Urefu wa nafasi moja ni 1/4, nao ndio hatua yetu. Kuanzia 0, piga hatua tatu kuelekea 1. Nukta utakayoifikia ndiyo 3/4. Namba ya chini, yaani asili, inatueleza ukubwa wa hatua. Namba ya juu, yaani kiasi, inatueleza idadi ya hatua. Jibu si hatua wala idadi yake peke yake, bali ni nukta moja iliyofikiwa.

Fasili hii ina faida nne ambazo picha ya chapati haina. Kwanza, haikomi kwenye 1. Hatua saba za robo zinatufikisha 7/4, nukta iliyo kati ya 1 na 2, bila kuhitaji kanuni mpya. Pili, inaeleza usawa wa sehemu kwa njia iliyo wazi: 1/2, 2/4 na 4/8 ni majina ya nukta moja. Tatu, inatoa kigezo kimoja cha ulinganishi: namba iliyo kulia ni kubwa kuliko iliyo kushoto, iwe nzima au sehemu. Nne, inaziweka sehemu na namba nzima katika mstari mmoja. Faida hii ya mwisho ndiyo msingi wa nadharia ya Siegler, Thompson na Schneider (2011), wanaosisitiza kwamba sifa inayoziunganisha namba nzima na sehemu ni kuwa zote zina ukubwa unaoweza kuwekwa katika mstari wa namba.

Mtazamo huu umeingia pia katika miongozo rasmi. Mwongozo wa ufundishaji wa sehemu uliotolewa mwaka 2010 na taasisi ya sayansi ya elimu ya serikali ya Marekani unapendekeza mstari wa namba uwe kiwakilishi kikuu cha sehemu kuanzia madarasa ya mwanzo. Mwaka huohuo, viwango vya pamoja vya hisabati vya nchi hiyo viliweka uwekaji wa sehemu katika mstari wa namba katika darasa la tatu, kwa asili za 2, 3, 4, 6 na 8 pekee. Kizuizi hicho cha asili kinafaa kuzingatiwa: kwa wanafunzi wachanga, sehemu chache zinazofahamika vizuri zinatosha kuijenga dhana nzima.

3.0 Lugha ya Kiswahili na Dhana ya Sehemu

3.1 Maana mbili za neno “sehemu”

Neno “sehemu” katika Kiswahili lina maana mbili za kawaida. Husemwa “nipe sehemu yangu”, ambapo sehemu ni fungu au kipande kilichotengwa kutoka katika kitu kikubwa zaidi. Husemwa pia “kaa sehemu hii”, ambapo sehemu ni mahali. Somo la hisabati limechukua maana ya kwanza peke yake. Hata hivyo, mtoto anayezungumza Kiswahili huingia darasani akiwa na maana zote mbili, na mstari wa namba unahitaji ile ya pili: kila sehemu ina sehemu yake, yaani kila namba ya aina hiyo ina mahali pake. Mwalimu anaweza kuutumia utata huu kwa manufaa. Swali “robo tatu ni sehemu gani?” likiulizwa mbele ya chapati hujibiwa kwa kuonesha vipande, likiulizwa mbele ya mstari hujibiwa kwa kuonesha mahali.

3.2 Njia tatu za kuitaja sehemu

Sehemu 3/4 hutajwa darasani kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni “tatu juu ya nne”, au “tatu kwa nne”. Njia hii husoma maandishi jinsi yalivyopangwa. Ina manufaa wakati wa imla, lakini inaitaja sehemu kama namba mbili zilizopangana, na hivyo inaimarisha mazoea yaliyowafikisha wanafunzi kwenye majibu ya 19 na 21.

Njia ya pili ni “sehemu tatu kati ya nne”. Njia hii hutaja vipande vyote na vipande vilivyochukuliwa, kwa hiyo inaoana na picha ya chapati. Inafanana kwa maana na muundo wa Kikorea, ambamo robo hutajwa kwa maneno yenye maana ya “kati ya sehemu nne, moja”. Miura na wenzake (1999) waligundua kwamba watoto wa Korea waliweza kuoanisha sehemu na picha mapema kuliko watoto wa Marekani na Kroatia, na wakalihusisha jambo hilo na uwazi wa majina ya sehemu katika lugha yao. Baadaye Paik na Mix (2003) walionesha kwamba hata watoto wa Marekani hufanya vizuri zaidi wanapotajiwa sehemu kwa muundo wa aina hiyo. Matokeo haya yanathibitisha kwamba namna ya kutaja ina athari. Hata hivyo, kazi waliyopewa watoto hao ilikuwa ya kuoanisha sehemu na picha za maumbo. Kwa mstari wa namba, muundo huu una kikwazo: “sehemu saba kati ya nne” haiwezekani, kwa kuwa vitu saba haviwezi kutolewa katika vitu vinne. Mwanafunzi anayetegemea muundo huu ana sababu nzuri ya kukataa kwamba 7/4 ipo.

Njia ya tatu ni “robo tatu”. Kisarufi, robo hapa ni nomino na tatu ni kivumishi cha idadi, kama ilivyo katika “nyumba tatu” au “siku tatu”. Kinachohesabiwa ni robo. Mtoto anayejua kusema siku moja, siku mbili, siku tatu anaweza kusema robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne, robo tano, na lugha haimzuii popote. Robo nne ni 1. Robo tano imeivuka 1. Robo saba haina ajabu yoyote. Huku ndiko kupiga hatua katika mstari wa namba: jina la hatua hutajwa kwanza, kisha idadi yake. Muundo huohuo upo katika theluthi mbili na thumni tano.

Makala hii haidai kwamba njia mbili za kwanza ziondolewe. Inadai kwamba kila njia ina kazi yake, na kwamba mwalimu anapofundisha mstari wa namba aitumie ya tatu kwanza. Kikwazo kilichopo ni cha msamiati. Nusu, theluthi na robo hujulikana na watoto wengi, lakini humusi, sudusi na thumni, ambazo Waislamu huzisikia zaidi katika hesabu za mirathi au ambazo hubaki katika kamusi, ni ngeni kwa wengi. Panapokosekana jina linalofahamika, mwalimu anaweza kudumisha muundo wenyewe kwa kusema “hatua tatu za sehemu ya tano”, ili kinachohesabiwa kiendelee kuwa hatua.

3.3 “Kasoro” na ukadiriaji wa mahali

Kiswahili kina nyenzo nyingine isiyotumiwa vya kutosha katika somo hili, nayo ni neno “kasoro”. Katika kutaja saa, dakika 45 baada ya saa mbili huitwa saa tatu kasorobo. Msemaji haanzii nyuma kuhesabu robo tatu kutoka saa mbili. Anasimama kwenye namba nzima iliyo karibu zaidi na kurudi nyuma robo moja. Huku ni kukadiria mahali katika mstari kwa kutumia namba nzima kama kigezo. Mtoto anayesema saa tatu kasorobo tayari anajua kwamba 2 na robo tatu iko karibu na 3.

Maarifa hayo yanaweza kuhamishiwa kwenye mstari wa namba: 3/4 ni moja kasoro robo, 7/8 ni moja kasoro thumni, 12/13 ni moja kasoro sehemu ndogo zaidi. Mwanafunzi aliyezoea kusema hivyo akipewa jumla ya 12/13 na 7/8 ana njia ya kujibu isiyohitaji hesabu ya maandishi: moja kasoro kidogo, kujumlisha moja kasoro kidogo, ni mbili kasoro kidogo.

3.4 Nzima isiyotajwa

Lugha pia inaonya. Neno thumni, ambalo maana yake ya msingi ni sehemu moja ya nane, limetumika Afrika Mashariki kuitaja sarafu ya senti 50, ambayo ni nusu ya shilingi. Jina la sehemu pekee halimwambii msikilizaji thamani. Ni lazima ajue nzima inayorejelewa. Vivyo hivyo, katika vipimo vya jadi vya nafaka, kibaba ni robo ya pishi na nusu ya kisaga. Kibaba hakibadiliki, kinachobadilika ni nzima. Katika mstari wa namba, nzima hutajwa waziwazi kwa kuandika 0 na 1, na hili ni jambo la kwanza ambalo mwanafunzi anapaswa kulitafuta kabla ya kuweka sehemu yoyote.

4.0 Makosa ya Kawaida na Chanzo Chake

Makosa yanayojitokeza wanafunzi wanapoziweka sehemu katika mstari wa namba si ya kubahatisha. Kila moja lina mantiki yake, na mwalimu anayeijua mantiki hiyo anaweza kulirekebisha.

Kosa la kwanza ni kuhesabu alama badala ya nafasi. Mstari wa kuanzia 0 hadi 1 uliogawanywa katika nafasi nne una alama tano, ukijumuisha zile za mwisho. Mwanafunzi anayehesabu alama huona tano na kudhani mstari umegawanywa katika sehemu za tano. Akiambiwa kwamba ni robo, huanza kuhesabu kwa kuigusa alama ya 0 na kusema “moja”, na robo tatu yake huangukia mahali pa 2/4. Chanzo ni mazoea ya kuhesabu vitu: kila kitu kinachoguswa hupewa namba. Tiba yake ni kuhesabu mwendo na si alama. Kidole huwekwa kwenye 0 kimya, na “moja” hutamkwa kinapofika alama inayofuata.

Kosa la pili ni kuuchukua mstari wote uliochorwa kuwa nzima. Katika mstari wa kuanzia 0 hadi 2, mwanafunzi huiweka 1/2 mahali pa 1, kwa kuwa hapo ndipo katikati ya mchoro. Anaisoma “nusu” kuwa nusu ya kilichopo mbele yake, kama alivyofanya kwa chapati. Kosa hili halionekani kabisa ikiwa mwalimu hutumia mistari ya kuanzia 0 hadi 1 pekee, kwa kuwa hapo nusu ya mchoro na namba 1/2 hukutana mahali pamoja. Mwanafunzi asiyeelewa na aliyeelewa watatoa jibu lilelile. Kwa sababu hiyo, mstari unaovuka 1 unafaa kutumika tangu siku za mwanzo, katika kufundisha na katika kupima.

Kosa la tatu ni kupanga sehemu kwa ukubwa wa asili, yaani kudhani kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 4. Ni na Zhou, pamoja na watafiti wengine, wamelieleza jambo hili kuwa mvuto wa namba nzima: kanuni zilizofanya kazi kwa miaka yote ya awali huendelea kutumika zisipofaa. Katika mstari, mwanafunzi huona kwamba kadiri nafasi zinavyokuwa nyingi ndivyo kila hatua inavyofupika.

Kosa la nne ni kutojali usawa wa nafasi. Mwanafunzi anayetaka kuonesha theluthi huweka alama mbili popote kati ya 0 na 1 na kuona kazi imekamilika, kwa kuwa idadi ya vipande ni tatu. Kosa hili linaonesha kwamba anahesabu vipande lakini hapimi.

5.0 Mfuatano wa Ufundishaji Unaopendekezwa

5.1 Hatua ya kwanza: utepe wa karatasi

Utepe ni daraja kati ya kipande na mahali. Ni kitu kinachokatika kama chapati, lakini una mwanzo na mwisho kama mstari. Kila mwanafunzi hupewa utepe wa urefu sawa na kuukunja mara mbili, nne, kisha nane. Mkunjo huhakikisha usawa bila rula. Utepe uliokunjuliwa huwekwa juu ya daftari, mstari huchorwa pembeni mwake, ncha ya kushoto huandikwa 0 na ya kulia 1, na mikunjo huhamishiwa kwenye mstari. Utepe ukiondolewa, alama hubaki. Hapa ndipo kipande kinapogeuka kuwa umbali.

Kwa sehemu ambazo kukunja hakuzitoi kwa urahisi, mistari ya daftari hutosha. Ili kugawa utepe katika nafasi tano sawa, ncha moja huwekwa juu ya mstari mmoja wa daftari, kisha utepe huinamishwa mpaka ncha ya pili iguse mstari wa tano kutoka pale ulipoanzia. Utepe hutiwa alama kila unapokatwa na mstari. Utepe ukiwa mrefu, mistari hurukwa kwa idadi ileile, mathalani kila baada ya mistari mitatu. Njia hii ni sahihi kwa kuwa mistari sambamba yenye nafasi sawa hukata mstari wowote unaoivuka katika vipande vilivyo sawa.

5.2 Hatua ya pili: mstari wa pamoja unaovuka 1

Mwalimu huchora ubaoni, au huvuta kwa kamba ukutani, mstari wa kuanzia 0 hadi 2. Urefu wa sentimita 120 kwa kila nzima unafaa sana, kwa kuwa hugawanyika bila baki: nusu ni sentimita 60, theluthi 40, robo 30, sehemu ya tano 24, sehemu ya sita 20, sehemu ya nane 15 na sehemu ya kumi 12. Katika daftari, sentimita 12 kwa nzima hutoa nusu, theluthi, robo na sehemu ya sita kwa namba kamili za sentimita. Urefu wa sentimita 10, ambao walimu wengi huuchagua kwa mazoea, haugawanyiki vizuri kwa 3, 4 wala 6.

5.3 Hatua ya tatu: kuhesabu hatua kwa sauti

Darasa huhesabu pamoja huku mwanafunzi mmoja akisogeza kidole au kutembea sakafuni kandokando ya kamba: robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne, robo tano. Mwalimu husimamisha hesabu kwenye robo nne na kuuliza jina lingine la mahali hapo, kisha huendelea hadi robo nane. Zoezi hili hufanywa kwa maneno kabla ya maandishi. Maandishi ya 5/4 yakija baadaye, huwa ni kumbukumbu ya mwendo uliokwisha kufanyika. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, kuhesabu kwa sauti kuna faida ya kuwashirikisha wote kwa kifaa kimoja.

5.4 Hatua ya nne: majina mengi ya nukta moja

Juu ya mstari wa robo huchorwa mstari wa sehemu ya nane wenye nzima ileile. Wanafunzi hutafuta alama zinazokutana wima. Robo tatu na sehemu sita za nane hukutana kwenye sentimita 90. Kutokana na mifano kadhaa ya aina hii, kanuni ya kuzidisha kiasi na asili kwa namba moja huweza kugunduliwa na wanafunzi wenyewe: kila hatua ya robo imekatwa mara mbili, kwa hiyo hatua zimekuwa nyingi maradufu na fupi kwa nusu, lakini mahali hapakubadilika.

5.5 Hatua ya tano: kukadiria na kulinganisha

Mwishoni wanafunzi hupewa mstari wenye 0, 1 na 2 pekee, bila alama za kati, na kuulizwa 7/8, 5/3 au 9/8 ziko wapi. Kabla ya kuweka alama, kila mmoja hutakiwa kueleza kwa kigezo: “moja kasoro thumni”, “mbili kasoro theluthi”, “moja na thumni”. Maelezo hupewa uzito kuliko usahihi wa alama. Kisha hufuata ulinganishi. Kwa mfano, 3/5 na 5/8 zote zinaizidi nusu kwa kidogo, na katika mstari wa ubaoni ya kwanza iko kwenye sentimita 72 na ya pili kwenye sentimita 75. Kwa jozi kama hii, kukadiria hakutoshi, na mwanafunzi huona mwenyewe kwa nini njia ya kutafuta asili inayofanana inahitajika.

6.0 Mipaka ya Njia Hii

Inaweza kupingwa kwamba mstari wa namba ni wa kidhahania mno kwa watoto na kwamba picha ya chapati inaeleweka haraka zaidi. Pingamizi hili lina ukweli. Mgawanyo wa kitu kwa usawa ndio mwanzo wa asili wa dhana ya sehemu, na mtoto aliyegawana muhogo na nduguye anaijua nusu kabla ya kuingia shule. Makala hii haipendekezi mwanzo huo uachwe. Inapendekeza usigeuzwe kuwa mwisho. Urahisi wa picha ya chapati unatokana na kwamba haimtaki mwanafunzi afikirie ukubwa wa namba, na ugumu wa mstari unatokana na kwamba humtaka afanye hivyo.

Pingamizi la pili linahusu muda. Hatua tano zilizopendekezwa haziwezi kukamilishwa katika kipindi kimoja. Hata hivyo, muda unaotumika kufundisha usawa wa sehemu, sehemu zinazozidi 1, ulinganishi na desimali kama mada zisizohusiana unaweza kupungua, kwa kuwa zote zinarejea kwenye mstari uleule. Desimali 0.7 ni hatua saba za sehemu ya kumi. Mwanafunzi haanzi upya.

Kwa watafiti, hoja iliyotolewa katika sehemu ya 3.2 inafungua swali linaloweza kujaribiwa. Madarasa mawili yanayofanana yanaweza kufundishwa kwa mstari uleule na mazoezi yaleyale, moja likitaja sehemu kwa muundo wa “robo tatu” na jingine kwa “tatu juu ya nne”, kisha yote yakapimwa kwa mistari inayovuka 1. Tofauti ikijitokeza hasa katika sehemu zinazozidi 1, itakuwa ushahidi kwamba muundo wa nomino na idadi ndio uliosaidia, na si mstari peke yake. Utafiti wa aina hiyo unapaswa kufanywa kwa Kiswahili, kwa kuwa matokeo ya lugha nyingine hayawezi kuhamishwa moja kwa moja.

7.0 Hitimisho

Makala imeeleza kwamba ugumu wa sehemu kwa wanafunzi wengi hautokani na hesabu zenyewe bali na kutoiona sehemu kuwa namba. Mstari wa namba hurekebisha hali hiyo kwa kuipa kila sehemu mahali pamoja, pale ambapo mwanafunzi huhesabu nafasi na si alama, na pale ambapo mstari huvuka 1 tangu mwanzo. Imeelezwa pia kwamba Kiswahili tayari kina nyenzo za kuibeba dhana hii: “robo tatu” huhesabu hatua, “kasoro” hukadiria mahali kwa kigezo cha namba nzima, na neno “sehemu” lenyewe humaanisha fungu na mahali. Inapendekezwa kwamba waandishi wa vitabu vya kiada waweke mistari inayovuka 1 sambamba na michoro ya maumbo, na kwamba vyuo vya ualimu viwaandae walimu kuzitofautisha njia tatu za kuitaja sehemu na kuchagua kila moja kwa kazi yake. Mwanafunzi atakayevuka kwenda kidato cha kwanza akijua kwamba robo saba iko kati ya 1 na 2 atakuwa na dhana iliyokwisha kukomaa, na atakachohitaji kujifunza huko ni jina lake jipya tu.